Msumeno Ukizunguka, Hakuna Shikamoo

Mjomba Akonaay tulimzika Nangwa, majira yale upepo wa mlima Hanang unapoleta vumbi mpaka ndani ya kikombe cha chai. Nilifika asubuhi kutoka Dongobesh, na kabla sijaingia kwa wafiwa miguu ilinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mashine, kwa sababu nilisikia injini. Wajukuu wa marehemu walikuwa wanapasua mbao za jeneza kwa msumeno wa meza tuliouunda mjomba na mimi nilipokuwa kijana. Kinga yake, kile kifuniko cha bati kinachoyakinga meno kwa juu, walikuwa wameifungua na kuitupa kwenye maranda. Nikapiga kelele kuliko injini. Nikawaamuru watoe mkanda wa injini, nikasimama palepale mikono kiunoni mpaka meno ya msumeno yakaonekana moja moja. "Mzee, hiyo kinga inatuchelewesha," mmoja akasema kwa adabu. "Marehemu anasubiri." Nikamjibu, "Marehemu hana haraka. Mwenye haraka ni wewe, na wewe vidole bado unavihitaji." Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, wakaenda kutafuta spana. Mimi nikakaa juu ya gogo na hasira iliyonishangaza mwenyewe, maana haikuwa ya siku ile. Ilikuwa ya mwaka mmoja wa zamani, na nilidhani imekwisha.

Mwaka ule mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yamefunika uwanda wote, na mtu akisema "shambani" hakuna aliyeuliza shamba lipi. Mjomba alikuwa fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia ngano, kwenye karakana ya shamba, na mimi nilikuwa kibarua wake wa kushika spana na kusafisha filta. Nililala kwake, katika chumba kilichokuwa na kitanda changu, magunia ya mahindi na kuku mmoja anayeatamia ambaye hakuna aliyethubutu kumhamisha. Jioni tulikula ugali na maziwa ya mgando, au makande ya maharage yaliyochemka tangu mchana, na mke wa mjomba, tuliyemwita Mama Bura, hakuchoka kulalamika kwamba tunalala katikati ya ngano na mkate hatuuoni mpaka mtu aende Katesh, na Katesh kwenyewe anaweza kukuta umekwisha. "Ngano inapita mlangoni kwangu kwenye malori," alikuwa akisema, "inanipungia mkono tu." Tulikuwa watu wa kuona vitu vikubwa vikipita. Nadhani ndiyo sababu mjomba alitamani na yeye awe na mashine yake, hapohapo nyumbani, itii amri yake peke yake.

Injini tayari alikuwa nayo, ile ya kusaga mahindi. Wanawake wa jirani walileta mahindi yao kwa debe, na kibanda kilikuwa na unga mpaka kwenye utando wa buibui. Siku moja karakana ikagawa vyuma chakavu kwa mafundi, naye akarudi na shafti ya kombaini iliyokufa na bearingi zake mbili nzima. Diski ya msumeno aliipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Katesh. Tukaanza. Meza tuliitengeneza kwa mninga mzito ili isitetemeke, tukaichimbia miguu yake ardhini, na tulipoweka maji kwenye sahani juu yake yakakimbilia upande mmoja, tukang'oa, tukachimba tena. Puli ya kwanza, gurudumu linalovishwa mkanda wa injini, ilikuwa ndogo mno, diski ikazunguka kwa kasi ya kutisha mpaka ikaanza kuimba, tukazima na kukimbilia nje wote wawili. Puli ya pili ilikuwa kubwa, msumeno ukachoka kwenye ubao wa kwanza. Halafu kuna kile chuma kilichonyooka ambacho ubao huegemea unapopasuliwa. Kisipokwenda sambamba na diski, kikabana kidogo tu upande wa nyuma, ubao unashikwa na kurushwa. Tulikipima, tukakikaza, tukapasua, kikahama. Tukakikaza tena, kikahama tena. Jumapili nzima baada ya ibada mjomba alikaa chini ya meza akitukana nati kwa Kiiraqw, na Mama Bura akiuliza kutoka jikoni kama nati nazo zimebatizwa.

Nyuma ya diski tuliweka kisu kilichokatwa kutoka kwenye springi ya lori, kisichozunguka, cha kuutanua mpasuko ili ubao usiubane msumeno. Hicho ndicho kilichokuwa muhimu kwetu kuliko hata kinga, kwa kuwa mbao zetu nyingi zilikuwa za mkaratusi, na mkaratusi una kinyongo: ukiupasua, pande zake mbili zinarudiana na kuushika msumeno katikati. Kisu kiliusaidia, hakikuuponya. Bado ilikubidi uushike ubao mpaka mwisho, usimame pembeni na si nyuma yake, usogeze kipande cha mwisho kwa kijiti cha kusukumia, na usivae shuka wala mikono ya shati inayoning'inia, hata kama ni baridi ya Juni na meno yanagongana. Hayo yote tuliyajua. Tusichokijua ni kwamba hatari kubwa ya msumeno ule ingekuwa salamu.

Mara ya kwanza tulikuwa tumeuweka ili mtu anayepasua aupe mlango mgongo. Siku moja mjomba yuko katikati ya ubao, akapita mzee mmoja wa kanisa kuja kusaga mahindi ya nyumbani kwake. Kwetu, mkubwa akitokea, mdogo huacha alichoshika. Jembe linawekwa chini, kofia inavuliwa, mkono unatolewa, na mkono wa pili unaushika wa kwanza kwenye kiwiko. Mjomba, mtu mzima mwenye watoto, aligeuka, akaachia ubao, akasema "Shikamoo, mzee." Ubao ukabanwa, ukarushwa nyuma, ukampita ubavuni, ukampita na yule mzee, ukatoboa ukuta wa udongo kando ya mlango mpaka mwanga wa nje ukaonekana. Mzee wa kanisa akaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo, akakaa chini. Kuanzia siku ile mjomba akatoa sheria. Tukaugeuza msumeno, anayepasua awe na ukuta mgongoni na autazame mlango, ili mtu akiingia aonekane. Na kwa mkaa akaandika ukutani, kwa herufi kubwa: MSUMENO UKIZUNGUKA HAKUNA SHIKAMOO. Akaniambia mbele ya wanawake wa foleni, "Hata akija baba yangu kutoka kaburini, wewe sukuma ubao. Umesikia?" Nilisikia, nami nikaapa.

Wanawake hawakuipenda sheria ile. Mkanda ulikuwa mmoja. Ukiwa kwenye msumeno, kinu cha kusagia kinalala, kwa hiyo waliketi juu ya madebe yao wakitusema, na kwa kuwa walidhani injini inatuziba masikio walisema kwa sauti. "Hawa wameshakuwa kama wale Wazungu wa shamba la ngano," mmoja alisema. "Unawapita wamekukazia macho kama kondoo." Mwingine akasema, "Huyu kijana ndiye anayetaka binti wa Mzee Qamara? Atamsalimia lini, siku ya harusi?" Wakacheka sana. Mimi nikasukuma ubao wangu masikio yakiwaka, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilimpenda Theresia. Tulikutana kwenye kwaya, yeye akiimba sauti ya kwanza na mimi nikijificha katika besi, na baada ya mavuno wazee wawili walikwenda kwa baba yake kuniombea. Mzee Qamara hakukataa wala hakukubali. Alisema anahitaji kwanza kumwona kijana mwenyewe, na hakusema atakuja lini. Ndivyo wazee wenye busara walivyofanya: mtu huangaliwa akiwa kazini, si akiwa amevaa shati la kuazima. Nilingoja wiki zile, na kila asubuhi nilifua shati.

Akaja siku nilipokuwa napasua ubao mrefu wa mkaratusi. Nilimwona mlangoni, koti jeusi, fimbo, kofia ya sufi. Nilimjua mara moja. Nusu ya ubao ilikuwa imepita, na mpasuko ulianza kujibana. Nilihisi mikononi jinsi msumeno unavyolalamika. Nikauinamishia kichwa ubao nikawa nasukuma, nikimwomba Mungu anipe muda mfupi tu. Mzee akasimama akingoja shikamoo yake. Haikuja. Basi, kwa uungwana, na hili ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwa uungwana wake akaamua kunisaidia. Akasogea mpaka mezani, akanyoosha mkono wa salamu, juu ya meza, upande wa diski, mkono wa koti ukining'inia. Mimi mikono yangu yote miwili imeshika ubao. Nikapiga ukelele, "Toka! Toka huko! Rudi nyuma!" Nilipiga kwa nguvu zote, kwa sababu ya injini, na wanawake wote wakanyamaza. Mzee Qamara akaurudisha mkono polepole, akaniangalia, akageuka, akaondoka. Nilimaliza ubao. Nilitoa mkanda. Nilipotoka nje mbio alikuwa ameshavuka kijito, na ningeanza kumkimbilia mkwe barabarani nikimwita kwa jina, lingekuwa kosa la pili. Nikasimama pale nikiwa nimejaa maranda. Na wazo lililonijia lilikuwa la kijinga lakini la kweli: laiti tungeuacha msumeno ulivyokuwa mwanzo, nisingemwona, na kwetu mtu hahukumiwi kwa kutomsalimia asiyemwona.

Wazee walikutana kwa mjomba, chai ikapikwa, na Mama Bura akakaanga chapati kwa unga aliokuwa ameuhifadhi kwa ajili ya siku ya posa. Nami nilikaa karibu na mlango, mahali pa vijana. Mshenga, mmoja wa wale wazee wawili, akaleta maneno ya Mzee Qamara kama alivyoyasema: "Nilikwenda kumwona mtoto. Akanifukuza kama mbwa wa jirani." Wakaguna. Nikamtazama mjomba. Sheria ilikuwa yake, kwa mwandiko wake, ukutani mwake, na tundu la ubao bado lilikuwa wazi pale kando ya mlango wa kibanda. Alichotakiwa ni kuinuka tu awaonyeshe. Mjomba akakoroga chai yake ambayo sukari ilikwisha kuyeyuka zamani. Halafu akasema, "Wazee wangu, mtoto huyu ana haraka. Tumemkosea malezi sisi wenyewe. Tutamfundisha." Nilifungua mdomo. Mzee mmoja akaniangalia tu, nikaufunga. Heshima ni kitu cha bure, watu husema. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikiilipia, nikimsikiliza mtu aliyeniapisha akiniombea msamaha kwa kiapo chake mwenyewe, na chapati zikipita mbele yangu kwenye sinia kwenda kwa wakubwa.

Walipoondoka nilimfuata kibandani. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anapaka grisi kwenye bearingi na hakuniangalia. "Ningesema nini, Damiano? Kwamba nyumbani kwangu kuna chuma kinachoheshimiwa kuliko mkwe? Mbele ya wazee?" Nikamwambia aseme ukweli, kwamba mkono wa mzee ungekwenda na msumeno. "Mkono haukwenda," akasema. "Kitu ambacho hakikutokea huwezi kukileta kwenye kikao. Wangeniuliza, mkono uko wapi? Ningewaonyesha nini?" Nikamuuliza, basi sheria tuifute? Hapo ndipo alipogeuka, amekasirika kabisa. "Uifute, unataka kuua watu?" Nilitamani kulipiga teke lile dumu la grisi. Sijapata tena katika maisha yangu kuona mtu aliye sahihi mara mbili kwa namna ya kunidhulumu hivyo. Siku zilizofuata niliendelea kupasua, na kila alipoingia mtu mlangoni nilikaza macho kwenye ubao, na wanawake wakawa wanaambiana, "Unaona? Hata hajajuta."

Nilikwenda kuomba radhi, na wazee wawili na asali. Mzee Qamara aliitikia shikamoo yangu, akapokea asali, akauliza habari za mvua za kwetu Mbulu, na hakuna neno jingine lililotoka. Theresia nilimpata kwenye mnada wa Katesh, anachagua vitunguu. Nikamweleza yote, ubao, mkaratusi, kisu cha nyuma, mkono wa koti. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Si ungeuachia tu huo ubao?" akasema. Nikamwambia ungerudi ukanipiga. "Basi ungekuja kwetu na kovu," akasema, "baba angekuona mtu." Alisema akitabasamu, lakini machozi yalikuwa karibu, akainama kwenye vitunguu. Halafu akaniambia kuna dereva wa kombaini kutoka Hirbadaw, nao wazee wake wamekuja, na kwamba kijana huyo alimwona Mzee Qamara kwa mbali shambani, akazima kombaini nzima, akashuka ngazi, akavua kofia, akamsalimia. "Baba anaisimulia kila mgeni akija," alisema. Nilijua thamani ya kuzima kombaini kwenye siku ya mavuno, na nilijua pia kwamba kombaini ukiizima inasimama. Nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikarudi Nangwa kwa miguu.

Mzee Qamara alikuja tena baada ya mvua za kwanza, na punda aliyebeba mbao. Nilimwona mlangoni nikiwa katikati ya kazi. Mikono haikuacha ubao. Na yeye hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, mikono nyuma, akingoja. Nilimaliza, nikatoa mkanda, na diski ikaendelea kuzunguka peke yake kama inavyofanya, polepole, polepole zaidi, na hakuna njia ya kuiharakisha kusimama isipokuwa za kipumbavu. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, tukiitazama. "Imelala?" akauliza. "Imelala, baba. Shikamoo." "Marahaba." Akaingia, akanipa mkono, nikaushika kwa miwili. Halafu akaenda ukutani, akatia kidole kwenye tundu. "Mjomba wako alinieleza juzi," akasema. "Alikuja mwenyewe, jioni, hakutaka kukaa. Kwa nini wewe hukuniambia?" Nikamjibu, "Nilikuja na asali, baba. Hukuuliza." Akapangusa udongo kidoleni. "Ni kweli," akasema, "sikuuliza." Nikadhani, kijana ni kijana, kwamba mambo yamegeuka, na nikaanza kutabasamu. Akatoka nje kumfungua punda. "Nimeshatoa neno kwa watu wa Hirbadaw," akasema akiwa amenipa mgongo, "na neno la mbele ya wazee halirudi. Hizi ni mbao za kabati la Theresia. Nimeambiwa hakuna anayepasua zikanyooka kama wewe." Nilizipasua. Nilikikaza kile chuma, nikapima mara mbili, nikarudisha mkanda, na mzee akarudi hatua kadhaa bila kuambiwa. Zilikuwa za saiprasi, laini, hazikubana hata kidogo. Nilitamani zibane. Nilitamani kitu chochote siku ile kinipinge ili nipigane nacho, lakini mbao zilipita zote, zimenyooka, na kibanda kikanukia vizuri.

Kabla ya mwaka kwisha niliondoka Nangwa. Nilioa baadaye, Dongobesh, mwanamke mwema anayeijua habari hii yote na anayenicheka ninapoisimulia, na tumezeeka pamoja. Mashamba ya ngano nayo yalibadilisha wenyewe. Nilidhani nimelisahau hata tundu.

Basi siku ya msiba wajukuu walirudisha kinga, mkanda ukarudi, nikapasua mwenyewe ubao wa kifuniko cha jeneza la mjomba. Katikati ya ubao nikamwona mwanamke mzee mlangoni, kanga mbili, mkongojo, na watoto wanne au watano nyuma yake. Hakuingia. Mtoto mmoja alitaka kuchungulia, naye akamvuta kwa shati. Wakangoja mpaka nikamaliza, na mpaka diski ikalala. Ndipo akasema, "Pole na msiba, Damiano," na watoto wote kwa pamoja, "Shikamoo, babu." Kabati bado lipo, Theresia aliniambia, na milango yake haijawahi kugoma. Mumewe alitangulia miaka mingi iliyopita. "Baba alitufundisha nyumba nzima," akasema. "Penye mashine inayozunguka tunasimama nje. Mpaka hawa wajukuu. Hakuna aliyewahi kuumia kwetu." Nilisema nafurahi kusikia, na nilifurahi. Nikawapa mkono mmoja mmoja, mikono midogo, mizima, yenye vidole vyote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mjukuu wangu.